Shajara ya darasa la Masasi: kumsoma Milbank kuanzia jandoni

11 Februari 2023: kitabu kimefika

Kitabu kimeshuka na basi la usiku kutoka Dar, kimefungwa kwenye mfuko wa sandarusi pamoja na vipuri vya pikipiki vya mtu mwingine. Ni *Theology and Social Theory* cha John Milbank, mwanateolojia wa Kianglikana wa Uingereza. Kilitoka 1990, na hiki chetu ni toleo la pili, la 2006. Pamoja na usafirishaji kimekula shilingi 145,000, tulizochangishana.

Tunataka kutengeneza mwongozo wa vikao kwa Kiswahili, ambao kikundi chochote cha walei, walimu wa dini au wanachuo kinaweza kuuchukua na kuutumia bila kuwa na kitabu chenyewe. Hatutafsiri. Tunafuata hoja na kuieleza kwa maneno yetu. Waliojiandikisha ni makatekista wa Kikatoliki na wa Kianglikana, walimu wa sekondari, mwalimu mstaafu tunayemwita Mzee, mama mmoja mjumbe wa bodi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na ustadhi jirani yangu aliyesema anakuja kusikiliza tu.

Hoja yenyewe, kwa anayetaka kujua kama itamfaa. Tumezoea kuambiwa kwamba zamani dini ilishika kila kitu, akili ikakua, dini ikarudi nyuma, na pale ilipoondoka pakabaki uwanja mtupu wa siasa, uchumi na sayansi usioegemea upande wowote. Milbank anakataa tangu sentensi ya kwanza. Kwake uwanja huo haukubaki, ulijengwa, na waliojenga walichukua vifaa kutoka kwenye teolojia ileile waliyodai kuiacha. Mfalme anayeelezwa na mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, mfalme ambaye neno lake ni sheria kwa sababu tu ni neno lake, amechorwa kwa mfano wa Mungu ambaye ni utashi mtupu, Mungu waliyemzoea baadhi ya wanateolojia wa mwisho wa Zama za Kati. Sosholojia nayo, inayodai kuieleza dini ikiwa imesimama nje yake, ina imani yake ya siri: kwamba mwanzo wa mambo ni vita, na amani ni vita iliyopumzishwa. Dhidi ya hayo anamleta Mtakatifu Agostino, mwanateolojia wa kale, anayesema mwanzo ni amani.

Sura ni 12 na lugha ni ngumu hata kwa aliyesoma nje.

4 Machi: kuanza na Hobbes hakufai

Tulifuata mpangilio wa kitabu. Kikao cha kwanza Grotius na Hobbes, wanafikra wa siasa, cha pili Adam Smith wa uchumi, cha tatu Durkheim wa sosholojia. Fotokopi kurasa 6 kwa watu 20, shilingi 100 kila ukurasa, jumla 12,000 kwa kikao. Chai na mihogo 10,000.

Matokeo: watu waliandika miaka ya vitabu. 1625, 1651, 1776. Walinukuu majina ubaoni kama wanajiandaa na mtihani, na mwalimu mmoja wa uraia akauliza kama kuna cheti. Hakuna aliyebisha chochote. Kwenye darasa la namna hii kimya ni dalili mbaya kuliko kelele, maana mtu hawezi kutetea wala kushambulia uwanja ambao hajawahi kuuona ukijengwa. Hobbes anajibu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Waingereza. Sisi hapa tumekaa chini ya mlima Mkomaindo.

Marekebisho: kurasa hizo tumezitoa mwanzoni, tumezipeleka nyuma. Tunatafuta mahali hapahapa ambapo uwanja wa namna hiyo ulijengwa na watu wanaofahamika kwa majina, na tutaanzia hapo.

Ratiba nayo ilileta shida. Mwaka huu Kwaresima imegongana na Ramadhani. Njia ya Msalaba Ijumaa, futari kila jioni. Tumehamia Jumapili alasiri na tumefuta chai mpaka Idi, kwa adabu tu, ingawa Ustadhi mwenyewe alisema tuendelee kunywa.

30 Aprili: jando la Askofu Lucas

Tumepata mahali pa kuanzia.

Masasi ilianzishwa kama kituo cha misheni mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA, shirika la wamisionari wa Kianglikana, alipoleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Walikuwa wameelekea Ziwa Nyasa, wakaishia hapa. Nusu karne baadaye, 1926, Vincent Lucas akawa askofu wa kwanza wa dayosisi hii, akakaa mpaka 1944. Lucas anakumbukwa kwa jambo moja: jando la Kikristo. Wamisionari wengi walikuwa na majibu mawili tu kwa jando, kupiga marufuku au kufumba macho. Yeye, hata kabla hajawa askofu, alichukua njia ya tatu. Vijana waende jandoni, watahiriwe, wafundwe, lakini sadaka kwa mizimu iondoke, nyimbo zichujwe, na mahali pake ziwekwe sala na Ekaristi.

Tuliwapa washiriki swali moja: ili kufanya hivyo, Lucas alilazimika kuamini nini kwanza?

Hapo ndipo darasa lilipofunguka. Alilazimika kuamini kwamba ndani ya jando kuna tabaka mbili zinazotenganika, moja ni dini, nyingine ni desturi tu. Lakini kwa wazee wa Kiyao, Kimakua na Kimakonde, unga uliomwagwa chini ya msolo, mti wa matambiko, kisu cha ngariba na kumfundisha mwali, yaani kijana wa jandoni, namna ya kukaa na wakwe vilikuwa tendo moja. Hiyo desturi tu, isiyo na mungu ndani yake, haikuwa imelala pale ikisubiri kuokotwa. Ilikatwa. Aliyekata alikuwa askofu. Hiyo ndiyo hoja ya Milbank nzima, na hatukuhitaji kumtaja Hobbes: uwanja usio wa dini haukuja kwa dini kudhoofika. Watu wa dini waliuchora wenyewe, kwa sababu zao, na baada ya vizazi viwili kila mtu akadhani ulikuwepo tangu asili. Leo muulize kijana yeyote wa hapa, atakuambia jando ni mila, haihusiani na dini. Anasema kwa uhakika kabisa.

Mzee alipitia jando la Kanisa utotoni. Akasimulia kwamba padri alipokwisha kusali na kuondoka na taa yake, mmoja wa wazee wa kambi alichota unga kwenye kibuyu akaunyunyiza mlangoni mwa kibanda, hakusema neno. "Sisi wali wa jandoni tulidhani na hiyo ni sehemu ya ibada," akasema. Watu walicheka sana. Mimi nimeiweka kwenye mwongozo, ukurasa wa 3, kwa ruhusa yake.

Katekista mmoja Mkatoliki akauliza swali ambalo sijalipatia jibu la moja kwa moja: basi Lucas ni mfano wa anachokishambulia Milbank, au ni mfano wa anachokitaka? Maana Milbank anataka Kanisa liwe jamii kamili yenye desturi zake, lisikubali kufungiwa moyoni mwa mtu binafsi. Jando lenye Ekaristi ndani yake linafanana sana na hilo. Nadhani Lucas ni yote mawili kwa pamoja, na ndiyo maana anafaa kufundishia. Swali limebaki kwenye mwongozo bila jibu.

Kwa anayetaka kunakili akiwa mkoa mwingine: usichukue Lucas, tafuta wa kwenu. Kila misheni ilikuwa na mtu aliyeamua kipi ni mila na kipi ni ushirikina.

18 Juni: zoezi la maji

Sura ya 5 ya kitabu inahusu namna sosholojia ya dini inavyofanya kazi ya polisi: inaipangia dini mahali pake pa kukaa, kisha inaieleza kana kwamba kilichomo ndani yake ni kitu kingine kabisa, labda mshikamano wa kikundi, labda hofu. Kuifafanua kwa mdomo kulichosha. Tukatengeneza zoezi.

Kila mtu alipewa karatasi aandike: maji ya Kinjikitile wa Ngarambe, yale ya Vita vya Maji Maji, yalikuwa nini hasa? Majibu karibu yote yalifanana. Mbinu ya kuunganisha makabila. Njia ya kuwapa watu ujasiri. Itikadi ya ukombozi. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na wanahistoria wana ushahidi wao.

Karatasi ya pili: Agosti 1905, karibu na Liwale, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa pamoja na watawa wanne. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilichomwa, na wamonaki wakaja kuanza upya Ndanda mwaka 1906. Kifo cha Spiss kilikuwa nini hasa?

Makatekista waliandika: ushahidi wa imani. Hakuna hata mmoja aliyeandika "mbinu ya kuunganisha Wabenediktini."

Tulipozisoma karatasi mbili pamoja, mwalimu wa historia akauliza kwa nini imani ya wale tunaieleza na ya kwetu tunaiheshimu. Kelele zilidumu mpaka magharibi. Wengine walitaka vyote vielezwe kisayansi, askofu naye aingie. Wengine wakataka maji nayo yaheshimiwe kama imani, yaani watu waliamini kweli kwamba risasi itageuka maji, na tusiwasaidie kwa kuwatafutia sababu yenye heshima zaidi. Hapa Milbank ana la kusema: hakuna jukwaa la tatu unalopanda ukaziona zote mbili kutoka juu. Anayeeleza naye anasimulia, na masimulizi yake yana mungu wake hata kama hajamtaja.

Zoezi hili linagharimu karatasi na kalamu tu, shilingi 4,000. Likifanywa mwanzoni, yaani kabla ya kikao cha Lucas, halifanyi kazi: watu wanajihami mapema. Tulilijaribu hivyo na kikundi kidogo cha wanachuo, likazimika.

Julai: salfa na vipande vya sauti

Mahudhurio yameshuka nusu. Ni msimu wa kupuliza mikorosho, watu wanaamka alfajiri na wakirudi wananuka salfa na wanataka kulala. Hakuna la kufanya. Panga vikao vyako uruke Juni mwishoni hadi Agosti.

Badala yake tulirekodi vipande vya sauti vya WhatsApp. Cha kwanza kilikuwa cha dakika 14, hakuna aliyefika mwisho, na wenye simu za kitochi hawakukipata kabisa. Tumekata kuwa dakika 4, hoja moja kila kipande, na kipande kinaanza na swali. Vinasikilizwa shambani. Bando 10,000 kwa mwezi.

27 Agosti: Ustadhi na shule

Kikao kilipangwa kuwa cha Agostino. Hatukufika.

Nilikuwa nimeandaa kurasa mbili zinazotazamana. Upande mmoja, Katiba ya mwaka 1977: ibara ya 3 inasema nchi haina dini, na ibara ya 19 inafanya kuabudu na kueneza dini kuwa jambo la hiari ya mtu binafsi. Pamoja nayo, maelezo ya Mwalimu Nyerere kwamba ujamaa hauna la kusema kama Mungu yupo au hayupo, unahusika na maisha ya watu hapa duniani. Upande wa pili, jibu ambalo Milbank angelitoa: kusema imani ni ya mtu binafsi si kukaa katikati, ni kufundisha teolojia fulani, tena teolojia ambayo Mwislamu wala Mkristo wa kale asingeitambua. Nikategemea Ustadhi ataupenda upande wa pili. Wengi wanadhani Waislamu watafurahia kila anayeipinga akili isiyo na dini.

Akasema: "Mwalimu, nakubali kwamba uwanja wa katikati ulijengwa na watu. Lakini mimi ndipo niliposomea."

Kisha akaeleza. Baba yake alipotaka shule miaka ya hamsini, ya karibu ilikuwa ya misheni, na aliambiwa abadilishe jina kwanza. Hakusoma. Mwaka 1969 serikali ikapitisha sheria iliyochukua shule za madhehebu, na Ustadhi mwenyewe akaingia darasani na jina lake lilelile. "Sasa mzungu anaandika kitabu kuniambia pale hapakuwa katikati. Sawa. Palikuwa pengine. Lakini niliingia."

Makatekista walinyamaza. Mmoja alijaribu kusema mambo ya mashuleni hayakuwa hivyo kila mahali, akaachwa aseme, hakuungwa mkono.

Nimekaa na maneno haya wiki nzima. Maoni yangu ni kwamba Milbank yuko sahihi kuhusu namna uwanja ulivyotokea, na hilo halimpi haki ya kuuvunja. Kitabu kinapiga hatua haraka sana kutoka "umejengwa" hadi "ni wa uongo". Nyumba zote zimejengwa. Aliyezaliwa ndani ya ukristo wenye katedrali na vyuo vikuu anaweza kuona uwanja wa katikati kama wizi. Kwa mtu wa pwani ya kusini, ambako misikiti ni mingi na shule zilikuwa za padri, ulikuwa mlango. Utetezi wa Milbank ninaouona wa haki ni huu: ule mlango haukufunguliwa na akili baridi isiyo na imani. Ulifunguliwa na serikali iliyokuwa na hadithi yake kali kuhusu udugu na usawa, chini ya rais aliyekwenda misa, katika nchi ambayo wimbo wake wa taifa ni sala. Ustadhi alilikubali hilo kwa kichwa. Akaongeza kwamba hadithi hiyo nayo ilihamisha watu kwa malori kwenda vijiji vya ujamaa, kwa hiyo tusiipambe.

Kurasa zile mbili sasa ni tatu. Ya tatu ina maneno yake, bila jina.

24 Septemba: Agostino, na ukurasa unaobishaniwa

*Mji wa Mungu* uliandikwa kati ya 413 na 426, baada ya Roma kuporwa mwaka 410. Mwandishi ni Mwafrika wa kaskazini, wa Algeria ya leo, jambo ambalo washiriki wawili hawakuamini mpaka nilipowaonyesha ramani. Tulisoma vipande vitatu: falme zisizo na haki ni magenge makubwa ya wanyang'anyi, Roma ilijengwa juu ya damu ya ndugu, Romulus kumuua Remus, kama Kaini na Abeli, na kitabu cha 19, amani ni utulivu wa mpangilio. Hiki kilikwenda vizuri bila marekebisho. Kipande cha wanyang'anyi kilirudiwa kwa kicheko kila mara mtu alipotaja ushuru.

Tatizo lilikuja na Wadonati. Agostino wa amani ndiye huyohuyo aliyekubali dola itumie nguvu kuwarudisha Wakristo wenzake wa Afrika waliojitenga. Mkutano wa Karthago wa 411 uliishia kwao kupigwa marufuku. Milbank halifichi jambo hili, analijadili kwenye sura ya mwisho. Padri anayetusaidia alitaka ukurasa huo utolewe, akisema utawachanganya walei. Mama wa AMCOS akamjibu kwa heshima: "Padri, shikamoo yako naitoa, lakini tukiuondoa, Ustadhi atauleta mwenyewe."

Ukurasa umebaki. Padri ameongeza aya yake mwenyewe chini, nzuri kuliko yangu.

29 Oktoba: bei ya korosho na Mchungaji Malthus

Smith na Malthus wamerudi, safari hii kwa wakati wake, minada ya korosho ikiwa imefunguliwa. Milbank anadai kwamba uchumi wa kisasa ulizaliwa ukiwa aina ya teolojia: mpango wa Mungu uliofichika ukageuzwa kuwa mpango wa soko uliofichika, na maumivu ya maskini yakapewa kazi ya maana ndani yake. Kwa Malthus hilo liko wazi, alikuwa mchungaji wa Kianglikana. Insha yake ya 1798 inamaliza kwa kueleza kwa nini Mungu mwema aliruhusu uhaba: ili akili ya binadamu iamke.

Mama wa AMCOS ndiye aliyeendesha. Akaeleza mnada unavyokwenda chini ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho kwa pamoja zikiwa ghalani, ulioanza huku 2007: zabuni za wanunuzi zinasomwa hadharani, wakulima wanaulizwa, wanakubali au wanakataa. Mwaka 2018 walikataa, na Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba. "Kwa hiyo mtu akisema bei imeshuka, namuuliza nani kaishusha," akasema. "Mvua ndiyo inashuka." Mwalimu wa biashara alileta ubishi wa kweli: wanunuzi wa Vietnam na India nao wana hesabu zao, na kangomba, mnunuzi wa magendo, analipa taslimu leo wakati mnada unalipa baadaye. Kukataa kuabudu soko hakujazi sufuria. Ubishi umewekwa wote.

10 Desemba: uchapaji

Kijitabu kina kurasa 48, nakala 100, shilingi 3,500 kila moja, jumla 350,000. Nakala za kwanza zilikuja ukurasa wa 3 umegeuzwa kichwa chini, mchapaji amezirudia bure. Mpangilio wa mwisho ni jando, maji, Katiba na shule, Agostino, korosho, na Hobbes mwishoni kabisa kwa kikao kimoja. Mwanafalsafa Hegel ameondolewa. Wanasosholojia Weber na Durkheim wamebaki na nusu ukurasa kila mmoja, ndani ya zoezi la maji.

Nakala 30 zimekwenda Ndanda, 20 Rondo, 10 Ustadhi amechukua, anasema kuna watu Newala wanazitaka. Zilizobaki zinauzwa 4,000. Anayetaka faili apige chapa mwenyewe aombe, ila abadilishe sura ya kwanza iwe ya kwao.